Neno Nililomchagulia Bwana Kinu

Jumatatu, 3 Juni 1963

Ijulikane kwa wote, waliopo na watakaozaliwa, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi karani wa muda wa boma la Ngara, yaani mimi, Sefu bin Mbaruku, nimekabidhiwa rasmi kalamu ya wino yenye kifuniko chake yenyewe. Ile ya zamani ilikuwa na kifuniko cha kalamu nyingine. Hapakuwa na sherehe.

Baada ya hapo, blanketi. Nimeandika blanketi hadi adhuhuri. Moja, kubwa. Moja, limetoboka. Wakimbizi wa Rwanda wanazidi kuvuka Kagera, na Serikali inataka kujua kila blanketi liko wapi.

Mchana tangazo. Anakuja Mzungu kutengeneza sinema ya wakimbizi. Anatakiwa mkalimani. Nilinyoosha mkono kabla afisa hajamaliza sentensi. Kiingereza changu nimekisoma kwenye magazeti ya kufungia sukari dukani kwa baba, ndiyo maana najua mwanzo wa habari nyingi na mwisho wa chache sana. Kihangaza nimekiokota sokoni. Kinyarwanda ni jirani yake, wanasikilizana.

Mama kasema, "Angalia tu wasikutie ndani ya hiyo sinema. Kwa sura hiyo watu watadai kiingilio chao."

Jumatano, 5 Juni

Amefika. Nilitegemea Mzungu wa sinema awe na miwani ya jua na mwanamke. Huyu ana kikohozi. Miaka sabini na kitu. Amekuja peke yake, na masanduku manne. Jina lake Harkup. Zakaria dereva anamwita Bwana Arukapu, kwa heshima zote. Kamera yake huzungushwa kwa mpini pembeni, kama mtu anayesaga kahawa. Kufikia alasiri soko zima linamwita Bwana Kinu.

Anapenda kusimulia habari zake. Hahitaji kuulizwa. Ujana wake alikuwa akiwapiga watu picha ufukweni huko kwao, wamekaa juu ya punda. Sinema zilipoanza, zile za kimya, akanunua mashine, akajenga nyumba ya vioo, paa zima vioo, ili jua liingie. Jua lenyewe huko Uingereza halikuja. Yeye ndiye aliyetunga, yeye aliyeelekeza, yeye aliyetafuta wanunuzi. Filamu moja kwa wiki, wakati mwingine mbili. Anasema jina lake lilikuwa likiandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko za waigizaji. Kisha sinema zikaanza kusema, na yeye hakuwa na la kusema. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi.

Tangu hapo anatengenezea serikali za watu filamu za viazi na meno. Hii ndiyo ya mwisho, kasema. Alisema kama mtu anayetaja kipande cha mwisho cha sabuni.

Nikifanya kazi vizuri ataniandikia barua kwa ofisi ya filamu Dar es Salaam. Tayari nimejiona nina meza.

Ijumaa, 7 Juni

Kambini. Mwendo wa lori saa moja na nusu, vumbi la kutosha kujenga nyumba. Vibanda vya nyasi mteremko mzima, chini bonde na mafunjo, halafu mto, halafu vilima vya Rwanda. Karibu mno. Unaweza kumwona mbuzi wa ng'ambo.

Juu kabisa kuna jiwe, na juu ya jiwe mwanamke anachoma majani mabichi. Moshi mweupe, mwingi. Anaitwa Veneranda. Mrefu, miaka thelathini hivi, hana mtoto. Walipoachana na mumewe kwenye mafunjo, mume alimwambia: ukifika ng'ambo washa moto wa moshi mahali ninapoweza kuuona, nami nitakuja. Kila asubuhi anawasha. Ni miezi mitano sasa.

Tabu yake ni malori. Serikali inahamisha watu kutoka hapa mpakani kwenda makazi mapya Biharamulo. Afisa wa kambi ameshamwandika mara tatu, na mara tatu lori limekuja yeye yuko ndani ya mafunjo, maji kifuani. Akiondoka, moshi hakuna. Mume atakuja alikute jiwe.

Bwana Kinu alimwona tu akasema, "Huyo." Kama mtu anayechagua kuku.

Veneranda akaniambia, "Karani, muulize huyu mzee. Ana nguvu juu ya lori?"

Nikauliza. Nilitafsiri vizuri kabisa. Bwana Kinu alikuwa anatazama mawingu. Akasema, "Mwambie asogee kushoto kidogo, na asiitazame kamera."

Nikamgeukia mwanamke. "Anasema maadamu picha haijaisha, hakuna lori litakalokuchukua."

Ilinitoka tu. Nilitaka asogee. Akasogea kushoto, tena kwa furaha.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kwanza ya kupiga picha.

Mpango: watu sitini wapande kutoka mafunjoni na mizigo yao kichwani, kama siku waliyovuka. Wameshaifanya mara moja bila kamera, wanaijua. Bwana Kinu anaelekeza kwa tarumbeta ya bati, anapayuka kamera ikizunguka, mtindo wa zamani huo, wakati sinema haikuwa na masikio. Yeye anapayuka Kiingereza, mimi napayuka nyuma yake.

Kuna maneno mawili makuu. La kuanzisha, nimesema "Haya!" La kusimamisha, kwa Kiingereza wanasema kata. Sasa kata ni neno la dukani. Kata kitambaa, kata tiketi. Nilitaka neno zito, tena wanalolijua kwa lugha yao wenyewe. Nikachagua "Tema!" Nyumbani kwetu kutema ni mate. Sokoni nimewasikia Wahangaza wakisema kutema kuni, yaani kuzikata. Nilijua kwamba ni neno la panga. Nilidhani panga la kuni.

Wakapanda. Vizuri, polepole, wazee mbele. Bwana Kinu kashusha tarumbeta, kaniashiria. Nikajaza kifua.

"Tema!"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mizigo yote chini kwa pamoja, kishindo kimoja. Halafu watu sitini wakageuka kurudi mtoni. Hawakupiga kelele. Ndilo lililonitisha, kimya chao. Mzee mmoja aliyepanda kwa fimbo alishuka bila fimbo. Mama mmoja alimziba mtoto mdomo kwa kiganja akaingia naye kwenye mafunjo mpaka shingoni.

Zakaria akanishika shati. "Mjinga wewe! Unajua hawa walifukuzwa kwao kwa neno gani?"

Sasa najua.

Ilichukua mpaka saa tisa kuwatoa majini. Niliimba, niliomba, nilitukana. Bwana Kinu hakuacha kuzungusha mpini hata nukta moja. Alipomaliza uso wake ulikuwa mwekundu, mtu wa miaka arobaini. Akaniuliza nilisema nini. Nikamwambia nilisema kata, bwana.

"Useme hivyohivyo Jumatatu," akasema.

Jumapili, 9 Juni

Zakaria misani. Mimi barazani kwenye nyumba ya wageni, namsikiliza Bwana Kinu akila yai.

Alikuwa na mke. Mwigizaji. Filamu ilihusu binti anayejitupa mferejini kwa ajili ya mapenzi. Mwezi wa Januari, barafu pembeni. Akaruka. Bwana Kinu hakuridhika na mikono. Akaruka tena. Kofia ikaelea vibaya. Akaruka mara ya tatu.

"Ya tatu ndiyo iliyotumika," akasema.

Nikauliza, na huyo mke? Kafa mwezi wa Machi, mapafu. Filamu ikatoka Aprili. Watu walijaa hadi mlangoni, ndipo alipopata pesa ya kuongeza chumba cha pili cha vioo.

Akapangusa kiini cha yai kwa mkate. Sikumwona akijuta, wala sikumwona akifurahi. Alikuwa anaeleza kazi.

Nilitaka kumchukia, nikashindwa kwa sababu nilitaka kujua ya pili ilikuwa na kasoro gani hasa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema tena. Wamekimbia, lakini si wote. Vijana walitazama kwanza kushoto na kulia. Mzee wa fimbo alikaa chini akakunja mikono, kama kusema kama ni kufa nife nimekaa.

Bwana Kinu kanung'unika.

Veneranda hakukimbia kabisa. Alibaki pale jiweni anapuliza moto wake. Nikamwuliza huogopi? Akasema, "Naogopa lori."

Jumanne, 11 Juni

Neno limekwisha makali. Watoto wanalichezea. Nikishuka tu kwenye gari: "Karani, tema! Tema, karani!" na wanajiangusha vumbini, wanakufa kwa zamu, wanabishana nani amekufa vizuri. Wakubwa wanacheka. Hata yule mama wa mafunjoni anacheka, anaficha meno kwa kanga.

Nilifurahi. Nilidhani mambo yameisha kwa heri.

Bwana Kinu hakufurahi. Kakaa juu ya sanduku, kakohoa, kazeeka tena. Anasema akirudi London na watu wanaocheka atakuwa amekuja bure. Amebakiwa na magombo mawili ya filamu. Anataka uso mmoja tu, karibu, wenye hofu ya kweli. Hofu ya kuigiza anaijua, ameinunua maisha yake yote, anasema, na ina harufu.

Kisha akauliza, taratibu, bila kunitazama: yule mwanamke wa jiweni, anaogopa nini?

Nimwambie nini? Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema chui. Ningeweza kusema Mungu, Wazungu huwa wananyamaza ukitaja Mungu.

Nikamwambia: lori.

Naandika sababu, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Si kwa ajili ya barua ya Dar es Salaam tu. Nilipenda kuwa mimi ndiye ninayejua. Basi.

Alhamisi, 13 Juni

Yamepangwa. Kesho litakuja lori, watamkamata, watampandisha, picha itapigwa, watamteremsha. Maigizo. Afisa wa kambi kakubali haraka mno, akatupa na askari wawili. Veneranda asiambiwe, anasema Bwana Kinu, akiambiwa ataigiza.

Mama kapika ndizi na maharage ya kutoka Keza. Sikula. Kaniuliza, "Umeumwa, au umetukanwa?" Nikasema kazi. Akasema, "Kazi gani ya kupiga kelele porini, unarudi sauti imekauka kama muuza samaki." Akachukua sahani akampelekea jirani.

Ijumaa, 14 Juni

Saa nne asubuhi. Jua zuri, kivuli kifupi, Bwana Kinu mwenyewe alisema hajapata jua kama lile katika nyumba yake yote ya vioo.

Lori lilizima injini nyuma ya vibanda. Askari wakapanda kilima pande mbili. Veneranda alikuwa ameinama motoni. Sikutakiwa kusema neno lolote. Nilisimama karibu na kamera, mikono mfukoni.

Alipowaona hakukimbilia mtoni. Alikimbilia kwangu.

Alinishika mkono huu ninaoandikia. "Karani, waambie! Waambie picha haijaisha!"

Bwana Kinu: "Ondoka hapo, unaziba."

Nikaondoka. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikamkokota na yeye maana hakuniachia, askari wakamng'oa kidole kimoja kimoja. Alipiga kelele njia nzima. Kamera haina masikio. Wakampandisha, akaruka, wakampandisha tena. Mara ya pili ndiyo nzuri, nilijikuta nafikiri hivyo, kwa maneno hayohayo. Kisha Bwana Kinu kasimama, kanyoosha mgongo, kasema asante sana.

Nikamwambia afisa, haya, ateremshwe.

Afisa akanitazama kama mtoto. "Bwana Sefu, mtu kashapanda. Umteremshe ili iweje? Tumemtafuta tangu Aprili."

"Tulisema maigizo."

"Ndiyo, na yamekwisha. Petroli ndiyo ya kweli."

Wakapandisha wengine kumi na tisa ili lori lisiende tupu. Nilimkimbilia Bwana Kinu, nikamweleza yote, la jiwe, la mume, la moshi, na ahadi niliyomtungia. Alinisikiliza. Anafunga lenzi kwa kitambaa laini. Akasema jambo la kusikitisha, na je, nimeona mahali alipoweka skrubu ndogo ya shaba?

Nikamwuliza, picha imeisha?

"Bado. Gombo moja limebaki."

Lori lilipopita, Veneranda alikuwa amesimama, ameshika chuma. Hakunitukana. Alikuwa anatazama moshi, umebaki mwembamba, unaegemea upande wa Rwanda.

Jumamosi, 15 Juni

Gombo la mwisho tumelipiga leo. Mimi ndiye niliyezungusha mpini. Picha ni ya Bwana Kinu mwenyewe, amesimama juu ya jiwe na tarumbeta yake, anaelekeza. Hakukuwa na mtu wa kuelekezwa. Ananyoosha mkono kule bondeni, anatikisa kichwa, ananyoosha tena. Anasema kila mkurugenzi anapaswa kuwa na picha yake akiwa kazini, na zile za zamani zote ziliungua pamoja na nyumba ya vioo.

Nilizungusha sawasawa. Kasi moja, kama alivyonifundisha. Nina mkono mzuri, kasema.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda jiweni. Nilimdanganya afisa kwamba kuna mablanketi sikuyahesabu.

Nikakata majani, nikawasha. Hayawaki. Kumbe kuna ufundi, unaanza na kavu, unaweka bichi juu kidogokidogo. Nilipopata moshi ulinijia mwenyewe usoni. Nililia, ni moshi. Nilikaa saa mbili naangalia ng'ambo. Mtu mmoja alishuka mtoni, nikasimama. Akachota maji akapanda.

Zakaria kanikuta. "Bwana karani, umepewa na kibali cha kuchoma nyasi za Serikali?"

Nikasema nafanya majaribio.

"Ya nini?"

Nikapuliza moto. Hakucheka, na Zakaria hucheka msibani. Akachukua tawi bichi, akalitupia juu ya moto, tukashuka.

Ijumaa, 28 Juni

Bwana Kinu kaondoka kwa basi la kutoka Kabanga. Watu walimpungia, watoto walimwekea mstari mzima wa maiti za kuchezea kando ya barabara. Kavua kofia. Hakuelewa, au alielewa akapenda.

Barua yangu kaniachia. Imefungwa kwa gundi. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, mama akinishikia taa. Mistari miwili. Anathibitisha kwamba mchukuaji wa barua hii ni mwaminifu na ana sauti kubwa.

Jumatatu, 19 Agosti

Dar es Salaam wamejibu. Hakuna nafasi. Mablanketi: arobaini, yote makubwa.

Jumamosi, 15 Februari 1964

Biharamulo. Nimeletwa kuhesabu majembe katika makazi ya wakimbizi. Majembe yapo, mipini haipo.

Magharibi limekuja gari la sinema la Serikali. Wakatundika shuka jeupe kati ya miti miwili, wenyeji na wakimbizi wakakaa chini pamoja. Filamu ya kwanza karanga. Ya pili, nikauona ule mstari wa mizigo, nikaona wazee mbele, nikajua.

Ni filamu ya vyoo.

Watu wangu sitini wanapanda kutoka mtoni. Ghafla wanatupa kila kitu wanakimbia, na sauti ya mtu wa Dar es Salaam, nzito, ya kibaba, inasema: Ndugu wananchi, msingoje mpaka tumbo liwakimbize. Kisha choo cha nyasi, safi, hakijatumiwa. Kisha sura ya Veneranda, karibu, kubwa kama shuka zima, mdomo wazi. Sauti inasema: Mgonjwa wa kuhara apelekwe hospitali mapema, hata kama hataki. Askari wanampandisha kwenye lori.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Waliokuwamo ndani ya picha walicheka kuliko wote, wanaoneshana: wewe huyo, tazama mbio zako! Nami nilicheka. Nimejaribu kuandika kwamba sikucheka.

Jina la Bwana Kinu halimo. Ile picha yake akiwa kazini haimo. Dereva wa gari anasema filamu haikuwa na wenyewe, ilikaa kwenye bati mpaka wizara nyingine ikahitaji watu wanaokimbia.

Taa ya gari ilipowashwa nikamwona Veneranda. Anauza pombe ya mtama kwenye mtungi, kanenepa, ana sauti ya mtu wa sokoni. Nilijificha nyuma ya mtu mmoja mwenye miwani. Aliniona.

"Karani! Ya nini kujikunyata hivyo? Njoo unywe."

Nikasogea. Nikasema pole.

"Pole ya choo?" Akacheka, wateja wake wakacheka. "Nimekimbia vizuri, sivyo? Hata mlango wake sikuuona."

Alinichotea kibuyu kidogo. Nilijaribu kumweleza kwamba nilirudi jiweni, nikawasha moshi siku ile ya Jumanne. Nilitaka ajue. Akaninyamazisha kwa mkono, anapokea senti za mtu mwingine. Akanionesha kwa kidevu kibanda cha nne kutoka barabarani, chenye paa jipya, mwanamke mwenye mimba anatwanga mlangoni na mwanamume ameketi anatengeneza mpini wa jembe.

Ni mume wake Veneranda. Alivukia kivuko kingine, yupo Biharamulo tangu kabla ya Pasaka ya mwaka jana. Ameoa.